Saa za ziada si matabishi

Hotuba ya kamati ya chama, iliyosomwa mbele ya wanachama na wageni, Kasongo, tarehe 1 Mei 2024

 

Leo ni Siku Kuu ya Kazi. Kila mwaka siku hii tunaimba, tunakula pamoja, tunarudi nyumbani. Mwaka huu kamati imeomba muda kidogo kabla ya chakula, kusema jambo ambalo si tamu. Ni juu ya mshahara na saa za kazi. Tutasema sheria ya nchi yetu inataka nini, watu wetu wanatendewa nini, na sisi wenyewe, chama hiki, tulikosa wapi. Hilo la mwisho wengi wenu mmekwisha kulisikia sokoni. Ni heri mlisikie kutoka kwetu.

Tuanze na wanachama watatu waliokuja kwenye biro yetu mwaka jana. Walikuwa wamefanya kazi ya kufyeka na kuchimba mifereji kando ya barabara. Walihesabiwa kama wajurnalie, yaani kazi ya siku kwa siku. Wao walisema wamefanya siku 26. Daftari ya pwentaji ya kapita ilisema siku 20. Tukawauliza: "Nyinyi muliandika wapi?" Wakatazamana. Mmoja akajibu: "Sisi tulikuwa tunahesabu kwa kichwa." Basi siku sita za jua na jembe zikapotea hivyo hivyo. Tulikwenda kuongea na mwenye kazi, akatuonyesha daftari, na sisi hatukuwa na kitu cha kuweka mezani mbele yake.

Wazee wetu wanajua jambo hili tangu zamani. Wakati wa Wabeleji, toka 1917, watu wa Maniema walilazimishwa kulima pamba. Wazee wametusimulia siku ya soko la pamba: mkulima anafika na kapu lake, mnunuzi anatazama mizani, mnunuzi anataja kilo, mnunuzi anatoa feza. Mkulima hana mizani yake. Leo pamba ya lazima imekwisha, lakini yule anayelipa ndiye bado anashika mizani peke yake, na siku hizi mizani ni ile daftari ya pwentaji.

Sasa sheria. Kodi ya Kazi tuliyo nayo ni sheria namba 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002, nayo ilirekebishwa mwaka 2016. Watu wengi wanafikiri ni sheria ya makampuni makubwa tu, ya Lubumbashi na Kinshasa. Hapana. Inamhusu mwenye duka, mwenye lori, mwenye mashini, hata mashirika ya jamii na ya kusaidia watu, wakishamwajiri mtu kwa mshahara. Yaani hata sisi.

Sheria inasema kazi isipite saa 9 kwa siku wala saa 45 kwa juma. Ni hivyo kwa mtu wa mwezi, na ni hivyo kwa anayelipwa kwa kipande. Tena saa zinahesabiwa toka pale mfanyakazi yuko mahali pa kazi, tayari kwa kutumwa, mpaka pale anapoachiliwa. Kama mchanga haujafika na wewe umekaa juu ya ndoo yako unangoja kwa sababu kapita amekuambia ungoje, hiyo ni saa ya kazi. Si kosa lako kwamba lori limekwama kwenye matope.

Zinazopita saa 45 ni saa za ziada. Saa 6 za kwanza zinalipwa bei ya kawaida pamoja na nyongeza ya 30 kwa mia. Zinazofuata, nyongeza ni 60 kwa mia. Ukifanya kazi siku yako ya mapumziko ya juma au siku ya sikukuu, nyongeza ni 100 kwa mia, yaani mara mbili.

Mshahara wa chini kabisa ulikuwa umewekwa na dekreti ya tarehe 22 Mei 2018: franka 7,075 kwa siku. Wakati ule ilikuwa zaidi ya dola 4. Mwaka 2024, kwa jinsi franka ilivyoanguka, ilikuwa karibu dola 2 na nusu. Ilikuwa kidogo, na hata hiyo kidogo kuna wanachama wetu hawakuipata.

Kila mara unapolipwa, patro anapaswa kukupa karatasi inayoonyesha hesabu: siku, saa, alichokata, alichokupa. Na kwa wajurnalie kuna jambo ambalo mapatro wengi hawapendi lijulikane: ukishafanya siku 22 katika miezi miwili, akikuchukua tena kabla ya hiyo miezi miwili kuisha, sheria inakuhesabu kama mtu wa kazi ya kudumu. Hawezi tena kukuambia, "Wewe ni wa siku kwa siku, kesho usirudi," kana kwamba hakujui.

Sasa tufike kwetu.

Mnajua mashini yetu ya kukoboa mpunga. Mnajua pia tulimweka mtu mmoja kuiendesha. Jina lake hatutalitaja hapa, ingawa nyote mnamfahamu, naye ametukubalia tueleze habari hii. Tulipatana naye franka 54,000 kwa juma. Tulijisifu, kwa sababu ukigawa kwa siku 6 ni 9,000 kwa siku, juu ya ile ya dekreti. Tuliwaandikia hata wafadhili kwamba tunalipa vizuri.

Msimu wa mavuno wa 2023 watu walikuja na magunia toka pande zote. Mwendesha mashini alikuwa anafungua saa kumi na mbili ya asubuhi na kufunga saa kumi na mbili ya jioni, na saa moja ya kupumzika katikati. Ni saa 11 kwa siku, siku 6, majuma 10. Mwisho wa msimu tulimpa matabishi ya franka 40,000 na gunia moja la mchele. Tukampigia makofi. Tukafikiri tumemaliza.

Mwezi wa kwanza wa mwaka huu alikuja mbele ya kamati na daftari ya shule ya binti yake. Kurasa za nyuma alikuwa ameandika kila siku: saa ya kufungua, saa ya kufunga, magunia mangapi. Akasema kwa sauti ya chini: "Wakubwa, mimi sikuje kupigana. Nakuja kuuliza zile saa zingine zilienda wapi."

Tuseme ukweli. Hatukumpokea vizuri. Mmoja wetu alisema ametutukana, baada ya mchele tuliompa. Mwingine alisema sisi ni chama cha watu waliorudi, si kampuni. Hapa kila mtu anasaidia. Mwingine tena: "Na zile siku mbili mashini ilikuwa imekufa, mkanda umekatika, tunangoja mwingine toka Kindu? Alikuwa amelala kivulini!" Tukamwambia arudi juma lijalo.

Alipotoka, mweka hazina alileta daftari ya mashini yenyewe, ile ya mafuta na magunia. Tukaweka daftari mbili pamoja. Magunia yaliyokobolewa kila siku, mafuta yaliyochomwa kila siku: hakuna mashini ya ukubwa wetu inayoweza kufanya vile kwa saa saba na nusu. Daftari yetu ndiyo ilimshuhudia. Na zile siku mbili za kungoja mkanda, sisi ndio tuliomwambia asiondoke, watu wasije kuiba. Alikuwa kazini.

Basi tulifanya hesabu, nasi tunaiweka hapa ili kila mmoja aweze kufanya yake. 54,000 kwa saa 45 ni franka 1,200 kwa saa. Saa 11 mara siku 6 ni saa 66. Toa 45, zinabaki saa 21 za ziada kila juma. Saa 6 za kwanza, 1,200 na nyongeza ya 30 kwa mia ni 1,560 kila saa, jumla 9,360. Saa 15 zilizobaki, 1,200 na nyongeza ya 60 kwa mia ni 1,920 kila saa, jumla 28,800. Pamoja, 38,160 kwa juma. Majuma 10: franka 381,600.

Sisi tulimpa 40,000 na makofi.

Tulimwita tena. Tulimwomba radhi mbele ya mke wake. Yeye mwenyewe alikubali tutoe zile 40,000. Gunia la mchele hatukulihesabu, lilikuwa zawadi na zawadi haikatwi. Zikabaki 341,600. Tumemlipa mara tatu, ya mwisho mwezi wa tatu. Ametia sahihi, nasi tumetia sahihi, kila upande una karatasi yake.

Wanachama wengi mmeuliza kwa nini mgao wa mashini mwaka huu ni mdogo. Jibu ndilo hilo. Feza ile haikuibiwa. Ilikuwa ya mtu mwingine toka mwanzo, sisi tuligawana mwaka jana bila kujua, na mwaka huu tumeirudisha. Anayetaka kuona vitabu, mweka hazina yuko hapa. Feza ya shule haikuguswa hata franka moja, wafadhili wajue.

Msimu huu tumemweka mtu wa pili. Mashini inafanya kazi saa nyingi kuliko zamani, na hakuna anayepita saa 45. Inatugharimu zaidi kuliko kulipa ziada ya mtu mmoja, hatutaficha. Lakini hakuna tena mtu anayeshika mkanda unaozunguka akiwa amechoka toka alfajiri.

Kuna sababu moja iliyotufanya tusichelewe, nayo ndiyo tunaomba mwende nayo nyumbani leo kama mtasahau mengine yote. Dai la mshahara linakufa. Sheria inakupa mwaka mmoja tu toka siku ile mshahara ulipopaswa kulipwa. Mambo mengine mengi ya kontra yana miaka mitatu. Mshahara ni mwaka mmoja. Mwendesha mashini wetu alikuja mwezi wa kwanza kwa saa za msimu uliopita. Angengoja mvua nyingine ipite, tungeweza kumwambia, "Pole, ndugu, umechelewa," na sheria ingekuwa upande wetu. Tunaona haya kusema hivyo, lakini ndivyo ilivyo.

Mnaona kwa nini jambo hili linatuuma sisi tuliokimbia na kurudi kuliko wengine. Mtu anayekimbia hahesabu miezi. Watu wa Salamabila wanajua. Mgodi wa Namoya chini ya kampuni ya Banro ya Kanada ulihesabiwa kuanza uzalishaji wa kibiashara 2016, na 2019 kazi ikasimama kwa sababu ya vita. Mgodi mkubwa ukisimama, hawasimami wale wenye kontra ndefu peke yao. Wanasimama pia watu wa makampuni madogo yanayochukua kazi chini ya ile kubwa: wapishi, wafuaji, wafyekaji, wabeba mizigo. Hao mara nyingi hawana hata karatasi moja. Hatuko hapa leo kusema nani anadaiwa na nani. Tunasema tu: mtu amekimbia usiku na mtoto mgongoni, anakaa Kasongo au Kalemie mwaka mmoja na nusu, anarudi, ndipo anakumbuka alikuwa na miezi miwili ya mshahara. Mwaka umepita.

Na kwa wazee wa Maniema, neno SOMINKI linatosha. Kampuni ile iliundwa 1976, ikavunjwa 1997. Watu wake wa zamani walidai dekonti finali miaka na miaka, wengine wakazikwa wakiwa bado wanadai. Kama watu wa kampuni yenye vitabu na majina kamili waliteseka hivyo, je, mama anayebeba maji ya kuchanganya simenti, ambaye jina lake limeandikwa kwa penseli?

Lakini mwaka huo mmoja unaweza kusimamishwa. Njia si ya mahakama peke yake. Ukiandika barua kwa patro ya kudai, barua iliyotumwa rekomande, na kuna karatasi inayoshuhudia ameipokea, saa inasimama. Mkikaa pamoja mkaandika hesabu inayosema amebaki na deni lako kiasi fulani, mkatia sahihi, saa inasimama. Ukipeleka dai lako kwa Inspekta wa Kazi, saa inasimama. Na kwa Inspekta ndiko unapaswa kupita kwanza kabla ya kwenda tribinali. Yeye anaita pande zote mbili kupatanisha. Mkipatana, inaandikwa. Msipopatana, inaandikwa pia, na karatasi hiyo ndiyo mlango wa tribinali.

Tunajua mtakachojibu, kwa sababu tulikisikia sisi wenyewe kwenye mikutano.

La kwanza: "Nikidai, patro atanifukuza. Wako wengine kumi mlangoni." Ni kweli, wako. Sheria inasema kumshitaki mwajiri si sababu halali ya kumfukuza mtu, lakini tunajua sheria iko Kinshasa na njaa iko nyumbani. Kwa hiyo hatumwambii mtu yeyote aende peke yake. Watu watano wa kazi moja, wenye daftari tano zinazosema kitu kimoja, patro anawasikiliza vingine.

La pili linatoka kwa wanachama wetu ambao ni mapatro wadogo: "Biashara yangu haiwezi kulipa hayo." Ndugu, sisi pia tulisema hivyo. Kama kazi ya saa 66 haiwezi kulipa saa 66, basi kuna mtu anayekupa saa 21 bure kila juma, naye ni maskini kuliko wewe. Punguza saa, au weka mtu wa pili, au panga bei upya. Njia ziko.

La tatu: "Lakini tunawapa posho, tunawapa chakula, wakiugua tunawasaidia." Vizuri, endeleeni. Ukarimu ni ukarimu na mshahara ni mshahara. Anayepewa matabishi anasema asante. Anayelipwa haki yake anahesabu feza, anatia sahihi, anakwenda. Tusiwafanye watu waseme asante kwa kilicho chao.

Sasa neno kwa wafadhili wetu, kwa heshima. Feza zenu zinajenga shule, visima na madaraja huku kwetu, na tunawashukuru. Kazi hizo zinafanywa na watu wetu hawa waliorudi. Mnatuma watu kupima ukuta kama umenyooka, mnahesabu mabati na mifuko ya simenti. Tunaomba mhesabu na saa pia. Mkifika kwenye shantie, ulizeni fishi za malipo za wabeba mchanga, si za injinia peke yake. Ulizeni daftari ya pwentaji, kisha muulize mfanyakazi mmoja kando, bila kapita: ulifika saa ngapi leo? Na mnapotupa miezi mitatu kumaliza jengo la miezi mitano, mjue ile miezi miwili inatoka mwilini mwa mtu. Kama bajeti haina mstari wa saa za ziada, maana yake mtu wa chini kabisa ndiye atakayezilipa. Na mtuulize sisi pia. Mwaka jana mngetuuliza, tungeona haya mapema.

Kamati imeamua mambo manne, nayo tunayaweka mbele yenu.

Kila mwanachama anayefanya kazi kwa mtu atapewa daftari. Kila jioni andika tarehe, saa ya kuingia, saa ya kutoka, mahali, jina la kapita. Asiyejua kuandika, mtoto wake amwandikie, au apige mistari, mmoja kwa kila saa. Usingoje Jumapili kukumbuka juma zima.

Sanduku la chuma liko kwenye biro. Lete kontra yako, fishi yako, barua yako, tutaweka nakala na picha ya simu. Wengi wetu tuliacha kila karatasi kwenye nyumba zilizochomwa. Tukikimbia tena, Mungu apishe mbali, karatasi zisiungue zote mahali pamoja.

Kila miezi mitatu mtu mmoja wa kamati atapeleka madai ya wanachama Kindu, kwa ofisi ya kazi ya jimbo, kwa pikipiki, na chama kitalipa mafuta. Barabara mnaijua. Ni heri mmoja aende na madai kumi kuliko kumi wakae nyumbani.

Na la nne, mapatro walio wanachama wa chama hiki, sisi tukiwa wa kwanza, tutaonyesha vitabu vya mishahara kwenye mkutano mkuu kila mwaka, kama tunavyoonyesha vya michango.

Hatuahidi kwamba kila dai litashinda. Wale watatu wa barabara hatukuweza kuwasaidia, na siku zao sita hazikurudi. Mmoja wao yuko hapa leo, amekaa nyuma kule, na alikuwa wa kwanza kuomba daftari.

Madaftari yako kwenye meza karibu na mlango, na kalamu za biki pia. Kila mtu achukue moja kabla ya kwenda kwenye chakula, aandike jina lake juu.